Tone Moja kwa Dakika

Uliliona. Usiseme hukuliona. Ulipita Kibiti ukielekea Lindi, au ulikuwa unarudi Dar, gari likapunguza mwendo kwenye matuta, na kupitia mlango wa lile ghala kuukuu la korosho ukaona bawa. Bawa la ndege, jeupe, limeegemezwa ukutani kama mlango uliong'olewa. Ukamgusa jirani yako, mkacheka, ukapiga picha, ukaandika mzaha chini yake, na kufika kituo kilichofuata ulikuwa umekwisha geuza uso na kusahau. Hukuuliza ndege ile inaundwa na nani, wala inataka kwenda kumchukua nani. Ndivyo ulivyofanya pia mwaka ule wa mafuriko. Kamera zilipokuwepo ulitazama, zilipofungashwa nawe ukafungasha. Basi leo kaa kitako usikilize mpaka mwisho.

Jumanne ya pili ya mwezi Februari, saa nne asubuhi, Waride binti Idrisa alikuwa amelala chali ndani ya ndege ile, kichwa chini ya vioo vya mita, miguu imetokeza mlangoni, tochi ameing'ata kwa meno. Alikuwa anahesabu. Alipofika hamsini na kitu, petroli ikajikusanya chini ya nati, ikanenepa, ikamdondokea shavuni.

"Bado?" aliuliza mdogo wake, Mudy, aliyekuwa nje ameshika bawa kana kwamba ndege ingetoroka.

Waride akaitoa tochi mdomoni. "Bado."

"Kaza."

"Nimekaza."

"Kaza tena, dada."

"Nikikaza tena naikata. Hili bomba la alumini, Mudy, si boriti ya nyumba. Au unataka uingie ukaze wewe?"

"Thubutu! Mimi mkono wangu wa bodaboda. Nitang'oa mpaka tangi."

Tone jingine likaanguka, hili kwenye jicho. Waride akatoka kinyumenyume anatukana kwa Kindengereko, matusi ya mashine, yale aliyorithi kwa baba yake pamoja na sanduku la spana.

Inafaa umjue. Waride alikuwa na miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Maparoni kule deltani, fundi wa mashine za boti. Mashine ikipita mtoni nyuma ya mikoko, yeye amekaa zake anapepeta mchele, atakwambia hiyo ya fulani na pulagi yake moja imekufa. Shule aliacha darasa la saba. Kiingereza cha ufundi alijifunza kwa kamusi iliyokosa jalada na herufi ya A yote. Makasha ya ile ndege yaliachwa Kibiti na daktari mmoja mgeni, mtu wa kuruka kama burudani yake, aliyeugua akarudishwa kwao na asirudi tena. Yalikaa ghalani miaka, makasha matatu, panya wakazaliana humo. Kila mtu alijua kuna ndege ndani. Waride peke yake ndiye aliyemwandikia mjane wa yule daktari, barua ya kurasa mbili ya Kiingereza kisichokuwa na herufi A ya kamusi, na yule mama akajibu: chukua, tengeneza, nitumie picha ikiruka.

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Miaka sita ya kugonga ribiti za kushikiza bati, kupaka dawa ya kutu, kufumua na kuanza upya. Watu wa kijiweni walimwita Mama Rubani. Wengine walimuuliza kama ataifuga na kuku. Alipofunga mkia walicheka, alipofunga mashine wakacheka kidogo, na siku alipoiwasha mara ya kwanza, vumbi likatimka ghala zima, hawakucheka tena bali walianza kuomba lifti ya kwenda Mafia.

Kilichobaki ni mabomba ya petroli. Matangi mawili, moja kila bawa. Kila tangi na bomba lake linaloteremka kwenye nguzo ya mlango, linakutana na mwenzake kwenye koki chini ya vioo vya mita, kisha chujio, kisha pampu, kisha mashine. Ukiyasoma hivyo ni kazi ya siku mbili. Waride alikuwa ndani yake wiki ya tano. Bomba la kwanza lilibonyea kwenye kona, kwa sababu alilikunja juu ya goti. La pili alilikunja juu ya rimu ya baiskeli, likatoka zuri kama upinde, kumbe fupi kwa upana wa vidole viwili. La tatu lilikwaruzwa na ukingo wa bati pale lilipopenya ukutani. La nne ndilo hilo lililofungwa, na la tano halikuwepo.

Na Alhamisi mkaguzi alikuwa anakuja.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mkaguzi wa ndege ndogo hushuka kusini mara moja kwa nusu mwaka. Akisaini, ndege inaruhusiwa kupaa kwa majaribio. Asiposaini, mpaka mzunguko ujao, na mzunguko ujao uko upande wa pili wa masika. Na masika ya deltani unayajua, au unajifanya hujui. Maparoni walikwisha kuufyeka uwanja, mita mia nne kwenye mwinuko wa mchanga kisichofikiwa na maji. Wanawake waliushindilia kwa michi ya kutwangia, wamepanga mstari, wanaimba, wiki tatu. Zahanati ilikuwa na majina ya wanawake kumi na mmoja wa kujifungua kati ya mwezi wa tatu na wa tano. Kumi na mmoja, na wanne kati yao wamewahi kupasuliwa.

Waride hakuhitaji kusomewa orodha ile. Alikuwa na dada, Siti.

Miaka tisa nyuma waliletewa boti ya wagonjwa. Ilikuja na utepe, ngoma, na mheshimiwa aliyevaa boya la kujiokolea juu ya suti. Ikapokewa, ikasainiwa kwenye daftari: iko kamili, inafanya kazi. Pangaboi lake, lile la kusukumia maji, halikuwepo. Lilisahauliwa Dar, wakaambiwa, litafuata. Mzee Idrisa, baba yake Waride, alisimama mbele ya watu akasema boti isiyo na pangaboi ni beseni, na wakamwambia mzee usituharibie shughuli, saini kwanza, mengine yatarekebishwa. Akasaini kama shahidi. Kuku walitagia ndani ya boti ile. Siti uchungu ulipomshika, mtoto amekaa vibaya, walimpakia kwenye mtumbwi wa binamu yao, na maji yakawapwea kwenye mdomo wa kijito. Walikaa juu ya tope saa saba wakisubiri maji yajae. Waride alikuwa ndani ya tope mpaka mapajani, anasukuma kitu kisichosukumika, na dada yake anamwambia, wee Waride, acha, njoo unishike mkono tu. Maji yalipojaa hapakuwa na haraka tena.

Mzee Idrisa hakugusa kalamu tangu siku ile mpaka anaingia kaburini.

Sasa turudi ghalani.

Mchana wa Jumanne ile alifika Kapteni Abdulla kutoka Nyamwage, mzee wa miaka sitini na tano, rubani mstaafu wa ndege za kunyunyizia dawa mashambani. Ndiye aliyejitolea kuirusha. Mwezi mzima alikuwa kitandani na goti, na sasa aliingia na mkongojo wake, kofia kichwani, anatabasamu kabla hajaona kitu.

"Shikamoo, Kapteni," akasema Waride bila kutabasamu.

"Marahaba, binti Idrisa. Mbona uso umekunjamana hivyo, ndege imekutaliki?"

"Inavuja."

"Wapi?"

"Kwenye koki. Tone moja kwa dakika."

Mzee aliomba tochi. Hakuweza kuinama, kwa hiyo Waride akaifungua nati ile akamletea ncha ya bomba mkononi. Mdomo wa bomba la namna ile hutanuliwa kama tarumbeta, ili ukalie vizuri kwenye koni ya kiungo na nati iubane. Kapteni akaupitisha kidole, akautazama kwa jicho moja, akaacha kutabasamu.

"Umetanulia nini hapa?"

"Chombo cha Ismaily. Fundi friji wa pale sokoni."

"Aah, mwanangu."

"Nini?"

"Cha friji kinatoa pembe ya nyuzi arobaini na tano. Ndege inataka thelathini na saba. Mdomo na koni havikaliani, vinagusana ukingoni tu. Utakaza mpaka Idi, itavuja. Na ukikaza sana mdomo unapasuka. Utapasukia wapi? Juu."

Mudy akakaa juu ya gunia.

"Nyuzi nane," akasema Waride. Alisema taratibu, kama mtu anayesoma jina la marehemu. "Wiki tano zangu zimeliwa na nyuzi nane."

"Kwenye makasha hapakuwa na chombo chake?"

"Kasha la tatu lilifika limefunguliwa. Nimekwambia mara ngapi, Kapteni? Kuna mtu bandarini anatanulia mabomba ya bafuni kwa chombo changu!"

Akairusha spana. Ikagonga bati, ikarudi, ikampita Mudy sikioni.

"Niue basi," akasema Mudy, "unizike na mimi, mkaguzi akute msiba ahirishe."

Kapteni peke yake ndiye aliyecheka. Kisha akasema neno lililomnyima Waride usingizi usiku huo: chombo cha nyuzi thelathini na saba kipo. Alikiona kwa macho yake Dar, katika ofisi ileile ya wakaguzi, kwenye kabati la vioo, kwenye kiboksi chake chekundu. Huazimwa. Bomba lina ziada ya inchi moja. Linatosha kukata mdomo mbovu na kutanua mwingine, mara moja tu. Mkaguzi mwenyewe anaweza kukileta kwenye gari. Anachotaka ni barua ya halmashauri.

Jumatano saa moja na nusu asubuhi Waride alikuwa kwenye benchi la ofisi ya halmashauri, ameoga, amevaa baibui, kucha zina grisi isiyotoka kwa sabuni yoyote. Karani, Bi Zawadi, alikuwa mtu mwema. Hilo liandikwe, maana watu wema ndio waliotumaliza.

"Karibu mama. Shida?"

"Barua ya kuazima chombo. Cha ndege."

"Ndege gani?"

"Ile ya ghalani."

"Kumbe ni ya kweli?" Bi Zawadi akafungua mafaili, akayafunga. "Mama, fomu ya ndege hatuna. Tuna ya pikipiki, ya trekta, ya chombo cha majini."

"Nipe hiyo ya majini."

"Lakini si ya majini."

"Andika boti. Kwenye maelezo andika, inaruka."

Bi Zawadi akacheka mpaka akafuta macho na ncha ya mtandio. Akaandika. Aliandika vizuri, kwa kompyuta, akachapa, akapiga mhuri wa tarehe. Kisha akaiweka barua kwenye trei ya plastiki ya bluu juu ya meza ya ndani.

"Sasa?"

"Sasa mkubwa asaini."

"Yuko wapi?"

"Semina. Morogoro. Ya huduma bora kwa mteja."

"Wa pili wake?"

"Anakaimu."

"Basi asaini yeye."

"Anakaimu, mama, hasaini. Kukaimu kwake hakujaandikiwa barua."

Waride alikaa pale mpaka adhuhuri, akaswali uani, akarudi, akakaa mpaka alasiri. Aliiona barua yake kupitia mlango wazi, imelala kwenye trei ya bluu. Mtu akaja akaweka juu yake faili la mnada wa mbuzi. Saa tisa na nusu mlinzi akaanza kufunga madirisha. Waride akasimama katikati ya korido akasema kwa sauti ambayo hakujua anayo: "Hivi nyinyi, mtu akisema nakufa, mnamjibu subiri?" Milango mitatu ikafunguliwa, vichwa vitatu vikatokeza, milango mitatu ikafungwa. Bi Zawadi akamsindikiza mpaka getini amemshika kiwiko. "Ningekuwa na uwezo, shoga yangu," akasema. Kila mtu mle ndani angekuwa na uwezo.

Alhamisi mkaguzi alifika mapema kuliko alivyosema. Jina lake Tahiri, kijana wa miaka thelathini na kitu, viatu vimeng'arishwa, mpole, mtaratibu, mkoba mkononi. Alimwamkia Kapteni, akamwamkia Waride. Aliizunguka ndege mara mbili, akiigusa hapa na pale kwa mgongo wa vidole. Ribiti zote. Nyaya za usukani. Kila nati ina alama yake ya rangi nyekundu. Alipomaliza mzunguko wa pili akauliza, "Mafundi wako ni wangapi, mama?"

"Unamwona huyu na mimi."

"Kazi safi. Nimekwisha kagua za watu wenye shahada."

Tangu asubuhi Waride alikuwa amejipanga kumwambia mwenyewe kuhusu koki, kabla hajaulizwa, na kila mara kitu kikaingilia. Mwanzo salamu, halafu makaratasi, halafu Mudy anayemzungukazunguka kama kuku anayetaka kutaga.

Wakafanya jaribio la mtiririko. Walichimba kishimo, wakateremsha gurudumu la mkia ndani yake ili pua ya ndege inyanyuke kama inapanda angani, wakatoa bomba kwenye mashine, wakaweka chupa yenye vipimo. Tahiri akashika saa. Petroli ikatiririka nyembamba, imenyooka, na dakika ilipotimia ilikuwa imepita kiwango kwa robo nzima. Kushoto hivyo, kulia hivyo. Kapteni Abdulla akapiga mkongojo chini.

"Tuone uvujaji," akasema Tahiri. Akavua koti, akalala chali pale alipokuwa akilala Waride, akapitisha karatasi nyeupe laini kwenye kila kiungo. Waride akafumba macho akaanza kuhesabu. Hamsini. Sitini. Themanini. Mia.

"Pakavu," ikasema sauti ya Tahiri kutoka ndani.

Waride akafumbua macho. Akamtazama Mudy. Mudy alikuwa anatazama dari.

Akaelewa saa ileile. Hakuna mtu wa deltani asiyeelewa. Kwenye sanduku la kila mwenye mashine, kati ya pulagi na kamba ya kuvutia, kuna kipande cha sabuni ya mche. Tangi likivuja katikati ya safari, unasugua sabuni mpaka ijae ufa, petroli haiiyeyushi, na unafika Nyamisati unaimba. Baba yao aliwafundisha wote wawili, siku moja, kwa mche mmoja uliokatwa nusu. Mashine ya boti ikizima unachukua pondo, unajikokota ukingoni. Basi.

Akamvuta Mudy nyuma ya magunia. "Umepaka lini?"

"Jana. Ulipokuwa ofisini. Dada, sikiliza..."

"Umepaka mpaka ndani ya uzi?"

"Nimeshindilia. Dada, nisikilize kwanza! Asaini. Akishasaini, wiki ijayo tunaazima chombo, tunafungua, tunafanya vizuri. Nani atajua? Kumi na mmoja, dada. Wewe mwenyewe unayataja majina yao usingizini. Unataka masika yawakute kwa ajili ya nati?"

Alikuwa na machozi, mwanamume mwenye watoto watatu. Na alichosema hakikuwa upuuzi. Waride alikigeuza upande huu na huu, kama ulivyokigeuza wewe sasa hivi. Asaini kwanza. Mengine yatarekebishwa.

Maneno yaleyale. Aliyasikia kwa sauti ya yule mheshimiwa mwenye boya. Akaukumbuka mkono wa baba yake juu ya daftari, kidole gumba kimesimama, kikisitasita. Akakikumbuka kisima cha Chumbi kilichosainiwa kina maji siku pampu inamwaga vumbi, na wodi iliyosainiwa imeezekwa wakati mbao bado msituni. Je, kuna kimoja katika hivyo kilichorudiwa baada ya saini? Kitu kikishaandikwa kizima huku kwetu hakuna atakayekupa spana ya kukifungulia. Watamwambia, chombo cha nini, si karatasi inasema pakavu? Na siku ya majaribio Kapteni atapanda na goti lake. Na sabuni itatikisika, chembe moja itaingia kwenye koki, nyingine kwenye chujio, mita mia mbili juu ya mikoko, na huko hakuna pondo.

Alipotoka nyuma ya magunia Tahiri alikuwa ameketi kwenye ngazi ya ndege, faili liko gotini, kofia ya kalamu iko mdomoni.

"Bwana mkaguzi, usisaini."

"Mama?"

Waride akaingia ndani ya ndege. Akasugua kiungo kile kwa kitambaa na mswaki, kwa nguvu, mpaka chembe za bluu za sabuni zikaanguka kwenye zulia. Akatoka. "Rudia hapo."

Tahiri akarudia. Hakuhitaji kuhesabu mpaka sitini. Aliporudi karatasi yake ilikuwa na doa, na mikono yake inanuka petroli na sabuni ya kufulia. Akaomba spana, akafungua nati, akautazama mdomo wa bomba.

"Nyuzi arobaini na tano," akasema mwisho.

"Chombo cha friji. Chenu kiko kabatini."

"Najua kiko wapi. Kabati liko nyuma ya kiti changu."

"Kimetumika lini mara ya mwisho?"

Alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Mimi nina miaka minne pale. Sijakiona kikitoka."

"Na kama jana asubuhi ungekuwa na barua yangu?"

"Ningekiweka kwenye buti. Sasa hivi tungekuwa tumemaliza." Akaifunga kalamu. "Mama, siwezi kuandika tofauti na nilichoona. Wewe umekuwa mkweli, na mimi lazima niwe mkweli. Ila naandika kwamba kasoro ni moja tu. Barua ikifika ofisini kabla ya mwisho wa mwezi, nitaomba ruhusa nishuke tena na chombo. Nitaomba. Bila barua siwezi hata kuomba. Baada ya hapo ni mzunguko ujao."

"Mzunguko ujao ni lini?"

"Mwezi wa nane."

Mudy alitoka nje akapiga teke galoni tupu mpaka barabarani. Kapteni Abdulla akavua kofia, akaivaa, akasema, "Binti Idrisa, wallahi ungenipandisha angani na sabuni," na hakumaliza. Waride alimtazama Tahiri akifunga mkoba, akivaa koti, akipangusa viatu. Hakuweza hata kumchukia. Alitamani awepo mtu wa kumchukia, mtu mmoja, mwenye jina na uso, amkamate ukosi. Hakuwepo. Palikuwa na trei ya plastiki tu.

Gari lilipoondoka akachukua msumeno mdogo na rula. Akapima inchi moja ya ziada, mara tatu, akaweka alama kwa msumari, akakata ule mdomo mbovu. Bomba likabaki wazi, limenyooka, linasubiri kutanuliwa mara moja tu. Akaliziba kwa kipande cha nailoni ili vumbi lisiingie.

Ijumaa alirudi ofisini. Semina ilikuwa imeongezwa siku. Jumatatu alirudi. Mkubwa alipita ofisini asubuhi, akaondoka kwenda ziara. Jumanne trei ya bluu ilikuwa imehamishiwa chumba cha pili kwa sababu meza inapakwa vanishi. Leo wewe unapoisikia habari hii, Swaumu wa Maparoni, mke wa mvuvi wa kamba, mimba ya tatu, mbili za mwanzo kwa kisu, mimba yake imeingia mwezi wa nane, na mawingu yamekwisha anza kukaa upande wa Mafia.

Barua imeandikwa. Imechapwa. Ina mhuri. Inakosa mkono mmoja. Na wewe unamjua mwenye mkono huo, usikatae. Mlisoma naye, mlikula naye harusi, ni shemeji wa bosi wako, ni wewe mwenyewe. Mpigie. Usiseme Jumatatu, usiseme baada ya kikao. Inuka hapo ulipo, nenda kwenye trei hiyo, ondoa faili la mbuzi, toa karatasi iliyo chini yake, weka saini sasa hivi, na uipeleke Dar kwa mkono wako.